Seli Inavyojua Kutosheka

Mwaka 1933, mjini Freiburg huko Ujerumani, Rudolf Schoenheimer aliweka panya wa maabara ndani ya chupa kubwa akaanza hesabu za kiingiacho na kitokacho. Alijua chakula chao kilikuwa na kolesteroli kiasi gani. Alipima kinyesi, na mwishowe akapima miili yenyewe. Panya waliokula chakula chenye kolesteroli kidogo walikutwa nayo nyingi kupita kile walichokula. Ziada hiyo walikuwa wameitengeneza wenyewe. Waliolishwa kolesteroli kwa wingi walitengeneza kidogo.

Nusu ya kwanza ya jibu hilo ndiyo iliyowavutia wanakemia wa wakati ule. Wajerumani wawili, Heinrich Wieland na Adolf Windaus, walikuwa wameshatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya asidi za nyongo na jamii ya kolesteroli, na kila maabara kubwa ilitaka kujua molekuli hiyo inajengwa vipi. Nusu ya pili ya jibu, kwamba mwili ukishiba kolesteroli huacha kuitengeneza, ilikaa pembeni kwa miaka mingi. Nami nashikilia kwamba hiyo nusu ya pili ndiyo iliyobeba uzito. Kujua kitu kinavyotengenezwa ni elimu kubwa, lakini maisha ya watu yaliokolewa na wale waliouliza ni nani anayeiambia seli: basi, inatosha.

Kolesteroli, au lehemu kama wengi tunavyoiita, ina sifa mbaya isiyoistahili. Bila hiyo utando unaozunguka kila seli ya mwili wetu ungepoteza uimara wake. Ndiyo malighafi ya kotisoli, estrojeni na testosteroni, na ini huitumia kutengeneza asidi za nyongo zinazotusaidia kumeng'enya mafuta. Taabu yake ni kwamba haiyeyuki katika maji, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja pete zake nne za kaboni. Ikishakuwamo, njia kuu ya kutokea ni kupitia ini na nyongo. Seli iliyo nayo kidogo mno hufa, na iliyo nayo nyingi mno hufa pia. Ndiyo maana kipimo chake kinalindwa kwa ukali kuliko vitu vingi vingine ndani ya seli.

Schoenheimer alikuwa Myahudi, na mwaka uleule wa 1933 utawala wa Hitler ulimlazimisha kuondoka. Alihamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na huko akaanzisha pamoja na David Rittenberg njia ya kuzitia molekuli alama kwa kutumia hidrojeni nzito, ili mtafiti aweze kuzifuata zikizunguka mwilini. Kijana mwingine aliyeikimbia Ujerumani, Konrad Bloch, alijiunga nao. Schoenheimer alifariki mwaka 1941. Mwaka uliofuata Bloch na Rittenberg walionyesha kwamba kolesteroli hujengwa kutokana na asetati, kipande kidogo chenye kaboni mbili tu. Mjini Munich, Feodor Lynen aligundua umbo ambalo asetati hulivaa kabla ya kuingia kazini. Jijini London, John Cornforth na George Popják walifuatilia kila kaboni moja mpaka mahali pake. Nchini Marekani, watafiti wa kampuni ya Merck walipata mevalonati mwaka 1956, kiungo kilichokuwa kikitafutwa na wote. Mnyororo mzima wenye hatua karibu 30 ukajulikana, na mwaka 1964 Bloch na Lynen wakapewa Nobel.

Huku nyuma, swali la chupa ya Freiburg lilikuwa limeanza kufufuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, R. Gordon Gould na C. Bruce Taylor waliwalisha mbwa kolesteroli, kisha wakavipima vipande vya maini yao. Ini lililoshiba lilikuwa karibu limeacha kutengeneza. Marvin Siperstein, aliyekuwa akifanya kazi Dallas katika jimbo la Texas, alitafuta ni wapi hasa kwenye mnyororo breki hiyo inashikwa. Kufikia mwaka 1966 alikuwa ameonyesha kwamba inashikwa mapema sana, pale kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA reduktasi kinapotengeneza mevalonati. Ni mahali panapofaa. Kabla ya hapo, malighafi bado inaweza kuelekezwa kwenye kazi nyingine. Baada ya hapo, imeshafungwa kwenye safari ya kolesteroli na ndugu zake wachache. Mwenye kuishika hatua hiyo ameushika mnyororo mzima.

Hapa historia hii inapita Afrika Mashariki, na haifai kupitwa kwa haraka.

Mwaka 1964 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alitoa matokeo ya uchunguzi alioufanya Tanganyika kwa wanaume wa Kimaasai 400, pamoja na wanawake na watoto. Watu hawa waliishi kwa maziwa na nyama, mafuta ya wanyama kwa wingi, na kwa nadharia iliyotawala siku zile damu yao ilipaswa kujaa kolesteroli. Alikuta kiwango cha chini, na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo zikiwa adimu. Mann alielekea kuamini kwamba siri ilikuwa kutembea: Mmaasai hukata mwendo siku nzima nyuma ya ng'ombe. Kisha akaja Taylor, yuleyule wa mbwa, na wenzake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1971. Waliwapa Wamaasai chakula kilichoongezwa kolesteroli, wakatumia alama za mnururisho kufuatilia kiasi walichofyonza na kiasi walichotengeneza. Kolesteroli ya chakula iliingia mwilini sawasawa, lakini ile ya damu haikupanda, kwa sababu mwili ulijibu kwa kupunguza utengenezaji wake wenyewe. Taylor na wenzake wakahitimisha kwamba Wamaasai wamerithi breki kali kuliko watu wengine.

Hitimisho hilo la urithi limebishaniwa, na kwa maoni yangu lilikwenda mbele ya ushahidi: mwendo, njaa za misimu na chakula cha utotoni havikutenganishwa vya kutosha. Hata hivyo, vipimo vyenyewe vilionyesha kwa binadamu hai, malishoni, jambo ambalo Schoenheimer aliliona chupani.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kutoka upande wa pili, kwa watu ambao breki yao haishiki. Carl Müller wa Oslo alikuwa ameeleza mwaka 1938 kuhusu familia za Norwei ambazo watu wake hutokwa na uvimbe wa manjano kwenye kano na kufa kwa moyo wakiwa bado vijana. Katika miaka ya 1960 Avedis Khachadurian, akichunguza familia za Lebanoni, alionyesha kwamba ugonjwa una daraja mbili. Aliyerithi jeni yenye hitilafu kwa mzazi mmoja huwa na kolesteroli kiasi cha mara mbili ya kawaida. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama huwa nayo mara sita au zaidi, na mshtuko wa moyo unaweza kumpata akiwa mtoto.

Joseph Goldstein, mzaliwa wa Carolina Kusini, na Michael Brown, mzaliwa wa Brooklyn, walikutana Boston mwaka 1966 wakiwa madaktari wanafunzi katika hospitali moja. Miaka miwili baadaye wote walikuwa kwenye Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda, na huko Goldstein aliwahudumia watoto wawili wa tumbo moja waliokuwa na daraja lile kali la ugonjwa. Hawakuwa wamekula zaidi ya watoto wengine. Mwili wao wenyewe ulikuwa ukiendelea kumimina kolesteroli kana kwamba haujaiona ile iliyokwisha kujaa. Marafiki hao wawili walikata shauri kulifanya jambo hilo kuwa kazi yao, na kufikia 1972 wote walikuwa Dallas, mji ambao Siperstein alikuwa ameipatia breki mahali pake.

Maini ya wagonjwa hayakuweza kukatwakatwa kwa ajili ya majaribio. Basi walichukua vipande vidogo vya ngozi, wakakuza seli zake kwenye visahani vya maabara na kupima reduktasi. Katika seli za mtu mzima wa afya, reduktasi ilikuwa chini pale seli zilipolelewa ndani ya majimaji ya damu. Walipoyaondoa majimaji hayo, kimeng'enya kilipanda mara nyingi kwa siku moja. Walipoyarudisha, kilishuka. Baada ya kuchambua wakakuta kwamba kinachoishusha ni LDL, chembe ya mafuta na protini inayobeba kolesteroli kwenye damu. Chembe moja hubeba molekuli kama 1,500 za kolesteroli iliyofungwa na asidi za mafuta. Kisha wakageukia seli za wagonjwa. Reduktasi ilikuwa juu mara 40 hadi 60 kuliko ya wenye afya, na walipoweka LDL haikushuka hata kidogo.

Wakati huo karibu kila mtu angesema kimeng'enya ndicho kibovu, kimepoteza sikio. Nao walianza na dhana hiyohiyo. Kisha wakafanya jaribio dogo ambalo nalihesabu miongoni mwa mazuri kabisa katika tiba ya karne iliyopita: waliyeyusha kolesteroli tupu ndani ya alkoholi na kuiweka kwenye seli za wagonjwa. Alkoholi iliipitisha kwenye utando bila kuhitaji mlango. Reduktasi ikashuka mara moja, sawasawa na katika seli za watu wazima wa afya.

Maana yake ilikuwa moja tu. Kimeng'enya hakikuwa na kasoro. Kolesteroli ya damuni haikuwa ikifika ndani, kwa hiyo seli iliendelea kuamini kwamba ina njaa. Walipoitia LDL alama ya iodini yenye mnururisho, waliona ikishikwa juu ya seli za wenye afya na kuteleza kwenye seli za wagonjwa. Kipokezi kilichopaswa kuidaka hakikuwapo. Pamoja na Richard Anderson waliona pia jinsi vipokezi vinavyojikusanya kwenye vishimo vya utando na kumezwa pamoja na mzigo wao. Kwa kazi hii walipewa Nobel mwaka 1985.

Ni lazima sasa turudi nyuma hadi Tokyo. Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita kaskazini mwa Japani, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sankyo. Alipenda kuvu tangu utotoni na alikuwa amesoma maisha ya Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Aliwaza kwamba kuvu fulani huenda zinajikinga na maadui kwa kuzuia reduktasi yao. Kuanzia Aprili 1971, yeye na Masao Kuroda walipima kuvu za aina karibu 6,000, kwa miaka miwili, moja baada ya nyingine. Iliyowapa walichotaka ilikuwa Penicillium citrinum, ukungu wa buluu-kijani uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Dawa iliyomo humo iliitwa kompaktini. Umbo lake linafanana na HMG, malighafi ambayo reduktasi huifanyia kazi, kiasi kwamba kimeng'enya huishika na kukwama.

Kisha panya wa Sankyo wakapewa kompaktini, na kolesteroli yao haikushuka. Kazi ya miaka ilikaribia kutupwa. Baadaye ndipo ilipoeleweka kwamba ini la panya, lilipoona reduktasi yake imezuiwa, lilijibu kwa kutengeneza reduktasi nyingine nyingi zaidi na kuizidi dawa nguvu. Kule kujipima kwa seli ambako Schoenheimer alikuona kwa mara ya kwanza kwa panya, sasa kulikuwa kumesimama njiani. Endo hakukata tamaa. Mwaka 1976 mwenzake Noritoshi Kitano alimpatia kuku wa mayai waliokuwa wakifugwa kwa majaribio. Kolesteroli yao ikashuka hadi karibu nusu. Mbwa wakafuata. Mwaka 1978 Akira Yamamoto wa Osaka alimpa dawa hiyo binti wa miaka 18 mwenye daraja kali la ugonjwa, kisha wagonjwa wengine, na damu zao zikaitika.

Sankyo iliusimamisha mradi mwaka 1980 kwa hofu ya madhara yaliyoonekana kwa mbwa. Merck walikuwa wamepata dawa ya ukoo uleule, ambao leo huitwa statini, yaani lovastatini, kutoka kuvu nyingine, nao walifika sokoni mwaka 1987. Mwaka 1994 ulikuja utafiti wa nchi za Skandinavia: wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakimeza simvastatini, statini nyingine, na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa miaka mitano na zaidi. Vifo vilipungua kwa asilimia 30. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90, bila kupewa Nobel. Naona ni dhuluma.

Watu wengi hudhani statini hushusha kolesteroli kwa sababu tu zimefunga utengenezaji. Kazi ya Dallas inaonyesha kisa kirefu zaidi. Seli ya ini iliyozuiwa huhisi upungufu, na kwa kuhisi hivyo huotesha vipokezi vingi vya LDL kwenye utando wake ili ivute kolesteroli ya damuni. Damu husafishwa na njaa ya ini. Brown, Goldstein na wenzao walilionyesha hilo kwa mbwa mwaka 1981 na kwa wagonjwa muda mfupi baadaye. Mgonjwa aliyerithi jeni moja nzuri hunufaika kwa sababu jeni hiyo hulazimishwa kufanya kazi zaidi. Aliyekosa zote mbili hana vipokezi vya kuongeza, na statini peke yake haimfai sana.

Lakini seli ilijuaje kwamba imepungukiwa? Swali hilo liliwachukua miaka 20 mingine. Kwanza walilea seli ndani ya kompaktini mpaka zikaizoea, na zile zilizosalia zilikuwa na reduktasi hata mara 500 ya kawaida, utando wake ukijipanga kama fuwele ndani ya seli. Kwa seli hizo waliweza kuinasa jeni ya kimeng'enya. Mbele ya jeni hiyo, na mbele ya jeni ya kipokezi cha LDL, walikuta kipande kinachofanana cha DNA, mahali pa kuwashia na kuzimia. Mwaka 1993 walisafisha protini inayoshika hapo, SREBP. Mwaka uliofuata Xiaodong Wang na wenzake kwenye maabara hiyo wakagundua jambo lisilotarajiwa na mtu: protini hii ya kuwasha jeni haikai ndani ya kiini cha seli. Imefungwa kwenye utando wa mtandao wa endoplazimu, na haiwezi kwenda popote mpaka ikatwe.

Seli zilizokataa kusikia kolesteroli ziliwapa kipande kilichofuata, SCAP, mwaka 1996. SCAP huisindikiza SREBP hadi kwenye Golgi, sehemu nyingine ya seli, ambako vimeng'enya viwili huikata, kila kimoja mahali pake, na kipande kilicho huru huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zaidi ya 20 za kutengeneza kolesteroli pamoja na ile ya kipokezi. Kolesteroli ikiwa nyingi, SCAP huishika na kubadili umbo, na protini nyingine, Insig, iliyogunduliwa mwaka 2002, huizuia isisafiri. Kazi hiyo yote hufanyika kwa usahihi wa boya la tangi la maji: mwaka 2008 Arun Radhakrishnan na wenzake walipima na kukuta kwamba mlango hufungwa kolesteroli inapozidi kama asilimia 5 ya mafuta ya utando ule, na hufunguka inaposhuka chini ya hapo.

Seli haitegemei kuzima jeni peke yake, kwa sababu reduktasi iliyokwisha kutengenezwa ingeendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Insig hiyohiyo, viambata vya sterol, yaani vya jamii ya kolesteroli, vinapojaa, huishika reduktasi yenyewe na kuipeleka iwekwe alama ya kubomolewa. Muda wa nusu ya kimeng'enya kuisha hushuka kutoka zaidi ya saa 10 hadi chini ya saa 1. Na seli inapoishiwa nishati, kimeng'enya kingine, AMPK, huibandika reduktasi fosfati na kuipunguza kasi, maana kujenga kolesteroli ni kazi ghali.

Mwaka 2003 watafiti wa Montreal na Paris walitambua protini PCSK9, ambayo hupeleka vipokezi vya LDL vikabomolewe. SREBP huiwasha hiyo pia, na ndiyo sababu moja inayofanya kuongeza kipimo cha statini kusizidishe faida kwa kiasi kinacholingana. Dallas tena, Helen Hobbs na Jonathan Cohen waliwatafuta watu ambao PCSK9 yao imeharibika kwa urithi, wakakuta kwamba karibu Wamarekani Weusi 2 au 3 kati ya 100 wana jeni hiyo iliyokatika. Kolesteroli ya LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na katika miaka 15 ya kufuatiliwa, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwao kwa asilimia 88. Mwaka 2007 ikaripotiwa habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe, aliyeonekana kwenye kliniki ya wajawazito, aliyerithi jeni iliyokatika kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa takriban miligramu 15 kwa desilita, na alikuwa mzima wa afya. Dawa za sindano zinazoizuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015.

Ugonjwa wa familia za Müller upo kila pembe ya dunia, kwa karibu mtu 1 kati ya 300, na kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Hauchagui mnene wala mwembamba. Simvastatini imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu mwaka 2007. Kama katika ukoo wako kuna mwanamume aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60, au ndugu mwenye uvimbe mgumu kwenye kano za kisigino au za vidole, usingoje dalili nyingine. Nenda ukapime kolesteroli, na uwachukue na wanao.